Kumfundisha Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Fikra Tunduizi: Mwongozo kwa Mhadhiri

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu ametoka kwenye mitihani ambayo kila swali lilikuwa na jibu moja katika mwongozo wa msahihishaji. Alifaulu kwa sababu aliyajua majibu hayo na aliweza kuyatoa haraka. Sasa anapewa insha inayomtaka "ajadili kwa mtazamo tunduizi", na hakuna aliyewahi kumwonyesha kazi hiyo inafanywaje. Basi anafanya analolijua: anatafuta jibu analolitaka mhadhiri.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Fikra tunduizi hazifundishwi kwa kuzieleza. Unaweza kutoa mhadhara mzuri kuhusu umuhimu wa kufikiri, ukapigiwa makofi, na wiki inayofuata ukasahihisha insha zilezile za kunakili. Mwanafunzi hujifunza kufikiri anapopewa kazi ndani ya somo lake mwenyewe, kazi inayomlazimu kutoa dai, kulitetea kwa ushahidi, kisha kulibadilisha ushahidi ukilikataa. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hapo.

Hatua ya 1: Jua mwanafunzi anaanzia wapi

William Perry, aliyekuwa Harvard, aliwahoji wanafunzi mwishoni mwa kila mwaka wa masomo katika miaka ya 1950 na 1960, akachapisha matokeo mwaka 1970. Aliona kwamba wengi huanza wakiamini kila swali lina jibu sahihi, na kwamba kazi ya mwalimu ni kulijua jibu hilo na kulitoa. Baadaye, wakiona wataalamu wenyewe wanapingana, huhamia upande mwingine kabisa: kila mtu ana maoni yake, na hakuna maoni yanayoshinda mengine. Huchukua muda zaidi kufika mahali pa kukubali kwamba maoni ni mengi, ila baadhi yana ushahidi imara kuliko mengine.

Darasani utakuwa na makundi yote mawili, na kila moja linahitaji msaada tofauti. Yule wa kundi la kwanza akiulizwa swali lisilo na jibu moja, anadhani unamficha jibu, na anaudhika. Mpe mabishano halisi baina ya wataalamu wa fani yenu, umuulize kila upande una ushahidi gani mkononi. Yule wa kundi la pili anajificha nyuma ya "hayo ni maoni yangu". Muulize: ni kitu gani kingekufanya uyabadili maoni hayo? Akikosa cha kujibu, usimwache aketi akiwa amefedheheka. Mpe mfano wako mwenyewe, dai unaloliamini katika fani yako na kile ambacho kingekufanya uliache. Mhadhiri anayeonyesha namna yeye anavyoweza kushawishika hufundisha mengi kwa dakika tatu.

Hatua ya 2: Punguza maudhui

Hapa ndipo wengi wetu tunagoma. Mtaala una mada nyingi, na kila mada inaonekana ya lazima. Lakini hakuna mtu anayeweza kufikiri kwa kina juu ya jambo asilolijua. Mwanasaikolojia Daniel Willingham alieleza mwaka 2007 kwamba uwezo wa kufikiri umefungamana na maarifa ya jambo lenyewe: mtu mahiri katika kuchambua matini ya historia hawi mahiri papo hapo katika kuchambua jaribio la kemia.

Maana yake kwa mpango wako wa muhula ni kwamba uchague mada nne au tano za kuchimbwa hadi chini, na nyingine uzipitie kwa kasi au uwaachie wajisomee. Ni katika hizo nne au tano ndipo utakapoweka mazoezi ya kubishana na ushahidi, kwa sababu ndipo wanafunzi watakuwa na maarifa ya kutosha kubishana. Ukiweka zoezi la uchambuzi kwenye mada waliyoisikia kwa saa moja tu, utapata kelele tupu.

Hatua ya 3: Kipindi cha kwanza, cheza na namba tatu

Kabla ya kusoma mpango wa kozi, andika ubaoni: 2, 4, 6. Waambie namba hizo zinafuata kanuni uliyo nayo kichwani, na kazi yao ni kuigundua. Wanaruhusiwa kukupa namba tatu nyingine, mara nyingi watakavyo, nawe utajibu "zinafuata" au "hazifuati". Mtu akiwa na uhakika, aitangaze kanuni.

Zoezi hili ni la Peter Wason, aliyelichapisha mwaka 1960 baada ya kulifanya na wanafunzi London. Darasa litakupa 8, 10, 12. Zinafuata. Litakupa 20, 22, 24. Zinafuata. Kisha mtu atatangaza kwa uhakika: namba zinaongezeka kwa mbili mbili. Mjibu kwamba sivyo. Kanuni ni pana zaidi: namba tatu zozote, kila moja kubwa kuliko iliyoitangulia. Tatu, tisa, mia moja zingefuata pia. Katika jaribio la Wason lenye watu 29, ni sita tu waliotaja kanuni sahihi bila kutangulia kutaja isiyo sahihi.

Swali la maana linakuja baada ya mchezo. Uliza: nani kati yenu alinipa namba akitarajia nimjibu "hazifuati"? Mikono itakuwa michache. Wacha walione hilo wenyewe. Walikuwa wakitafuta kuthibitishiwa walichokwisha kukiamini, na kila "zinafuata" iliwaongezea uhakika bila kuwaongezea maarifa.

Usiishie hapo, la sivyo kitabaki kichekesho cha siku ya kwanza. Dakika kumi za mwisho wape dai moja kutoka sura ya kwanza ya kitabu cha kozi. Kila mmoja aandike sentensi mbili: tungeona nini kama dai hili lingekuwa si kweli, na tungelitafuta wapi? Kusanya karatasi hizo, usizipe alama. Zitakuonyesha darasa lako liko wapi.

Hatua ya 4: Wape vipande vitatu vya hoja

Mwanafalsafa Stephen Toulmin aligawa hoja mwaka 1958 katika sehemu sita. Kwa mwaka wa kwanza tatu zinatosha: dai, ushahidi, na kiungo, yaani ile sababu inayomruhusu mtu kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye dai. Kiungo ndicho kigumu, kwa kuwa mara nyingi hakiandikwi. Mwandishi hukichukulia kuwa kinajulikana, na msomaji hukipita bila kukiona.

Tumia mfano mfupi kwanza. "Wanafunzi wanaokaa viti vya mbele hupata alama za juu kuliko wanaokaa nyuma. Kwa hiyo chuo kiwahamishie mbele wanafunzi wanaofeli." Waache watafute vipande vyake. Dai wataliona, ushahidi wataupata. Kiungo kitawachukua muda: mwandishi anaamini kwamba kiti ndicho kinacholeta alama. Kikishatajwa kwa sauti, darasa lenyewe litaanza kukishambulia. Labda wenye bidii ndio wanaochagua kukaa mbele. Labda wa nyuma huchelewa kwa sababu wana kazi za asubuhi. Labda kuna ukweli kidogo, kwa kuwa mbele husikika vizuri zaidi. Andika kila pendekezo ubaoni, halafu uliza ni takwimu zipi zingetusaidia kuchagua kati yake.

Baada ya hapo wahamishie kwenye matini ya fani yenu, isizidi nusu ukurasa. Wapigie mstari dai kwa rangi moja na ushahidi kwa rangi nyingine, na kiungo wakiandike pembeni kwa maneno yao. Fanya zoezi hili mara moja kwa wiki kwa wiki nne mfululizo. Linachosha, najua, lakini wiki ya tano utaona wanaanza kulifanya bila kuambiwa.

Jambo moja nasisitiza: usianze na orodha ya makosa ya kimantiki. Orodha hiyo ina majina ya kuvutia, na wanafunzi hulipenda jina kuliko kazi. Wataanza kumnyooshea kidole kila anayezungumza, "hilo ni kosa fulani!", na mjadala unakufa. Mtu aliyeweza kutaja jina la kosa hajaonyesha bado kwa nini hoja hii, yenye ushahidi huu, haifiki kwenye dai lake. Majina yaje mwishoni mwa muhula, kama yana nafasi.

Hatua ya 5: Tukio moja linalobadilisha mawazo mara mbili

Mwanafunzi anahitaji kupitia mwenyewe hali ya kuwa na uhakika na kisha kuupoteza kwa haki. Kwa hilo sijaona mfano unaoshinda takwimu za udahili wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, za mwaka 1973. Hauhitaji hesabu nzito, na unafaa kwa fani nyingi.

Mzunguko wa kwanza: wape taarifa mbili tu. Wanaume 8,442 waliomba nafasi, asilimia 44 wakakubaliwa. Wanawake 4,321 waliomba, asilimia 35 wakakubaliwa. Kila mmoja aandike hitimisho lake na kiwango cha uhakika wake kuanzia 1 hadi 10. Wengi wataandika kwamba wanawake walibaguliwa, kwa uhakika wa juu.

Mzunguko wa pili: wape takwimu za idara sita kubwa, zilizotajwa kwa herufi tu. Namba ya kwanza ni ya waombaji, ya pili ni asilimia ya waliokubaliwa.

- Idara A: wanaume 825, asilimia 62, wanawake 108, asilimia 82
- Idara B: wanaume 560, asilimia 63, wanawake 25, asilimia 68
- Idara C: wanaume 325, asilimia 37, wanawake 593, asilimia 34
- Idara D: wanaume 417, asilimia 33, wanawake 375, asilimia 35
- Idara E: wanaume 191, asilimia 28, wanawake 393, asilimia 24
- Idara F: wanaume 373, asilimia 6, wanawake 341, asilimia 7

Usiseme kitu. Waache wahesabu na kunong'onezana. Polepole wataona kwamba ndani ya idara nyingi tofauti ni ndogo, na katika nne kati ya sita wanawake wamekubaliwa kwa kiwango cha juu zaidi. Ile tofauti kubwa ya mwanzo imetoka wapi? Wasukume kwenye safu ya waombaji: idara A na B, zilizokubali wengi, ziliombwa na wanaume 1,385 na wanawake 133 tu. Wanawake walielekea zaidi kwenye idara zinazokataa wengi, wa jinsia zote. Mtakwimu Peter Bickel na wenzake walieleza jambo hili katika makala yao ya mwaka 1975.

Sasa angalia linalotokea. Wanafunzi waliokuwa na uhakika wa 9 kwamba kulikuwa na ubaguzi, sasa wana uhakika wa 9 kwamba haukuwepo. Hapo ndipo mzunguko wa tatu unapohitajika, na ndio ambao wahadhiri wengi huusahau. Uliza: je, hii inathibitisha kwamba hakuna dhuluma popote? Takwimu hizi hazionyeshi alama za waombaji. Hazionyeshi kwa nini wanawake wachache waliomba idara A na B, walishauriwa nini shuleni, wala kwa nini idara fulani zina nafasi chache kuliko nyingine. Swali limehama kutoka kwa wanaodahili hadi kwenye njia iliyowafikisha waombaji mlangoni. Kila mmoja aandike tena hitimisho lake na kiwango cha uhakika, kisha alinganishe na alichoandika mwanzo. Nataka hitimisho la tatu liwe na maneno kama "kwa takwimu hizi", "katika idara hizi sita", "hatuwezi kusema bado". Mwanafunzi anayejifunza kupima ukubwa wa dai lake amepiga hatua kubwa.

Tengeneza tukio la namna hii kwa fani yako. Muundo ni uleule: taarifa chache zinazovuta upande mmoja, taarifa zaidi zinazovuta upande mwingine, kisha swali la nini bado hakijulikani.

Hatua ya 6: Uliza, kisha nyamaza

Mary Budd Rowe alipima ukimya wa walimu madarasani, akakuta kwamba kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha hujibu wenyewe au huruka kwa mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu mno. Hesabu kimoyomoyo.

Kwa darasa la mamia, tumia utaratibu aliouanza Eric Mazur katika darasa lake la fizikia mwaka 1991. Toa swali lenye machaguo, kila mtu apige kura kimya kwa kadi au vidole. Bila kusema jibu, waambie wamtafute jirani aliyechagua tofauti na wajaribu kushawishiana kwa dakika mbili. Piga kura tena. Swali linalofaa ni lile ambalo asilimia 30 hadi 70 hulipata kwenye kura ya kwanza. Likiwa jepesi au gumu zaidi ya hapo, hakuna cha kubishania.

Hatua ya 7: Wafundishe kutoka nje ya ukurasa

Tumezoea kuwaambia wanafunzi wakague tovuti: ina nembo, ina anwani, ina sehemu ya "kuhusu sisi"? Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na wakaguzi wa ukweli wa vyombo vya habari. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya tovuti wakiisoma kwa makini, na mara nyingi nembo nzuri ziliwahadaa. Wakaguzi waliitoka karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu shirika lile, kisha wakarudi wakiwa wanajua wanasoma maandishi ya nani.

Fanyeni hivyo darasani, pamoja, skrini ikionekana. Chukua tovuti ya kikundi chenye jina la kitaaluma lakini kinachofadhiliwa na wenye maslahi. Wape dakika tano wajibu maswali mawili bila kuusoma ukurasa wenyewe: nani yuko nyuma ya tovuti hii, na anafaidika na nini?

Majibu ya programu za akili mnemba yaingie hapa pia. Mpe kila mwanafunzi jibu lililotolewa na programu kuhusu mada mliyokwisha kuichimba, akague madai matatu kwenye vyanzo vya asili na aandike alichokikuta. Kumkataza peke yake hakutamfundisha kitu. Kumpa kazi ya kulihoji jibu lenye lugha fasaha, katika mada anayoijua, kunamfundisha kwamba ufasaha si ushahidi.

Hatua ya 8: Kuandika, na kuandika upya

Richard Arum na Josipa Roksa walifuatilia zaidi ya wanafunzi 2,300 wa vyuo vya Marekani, na mwaka 2011 wakaripoti kwamba asilimia 45 hawakuonyesha maendeleo ya maana katika kufikiri na kuandika kwa miaka miwili ya kwanza. Walioendelea zaidi walikuwa wale waliosoma kozi zenye kurasa zisizopungua 40 za kusoma kwa wiki na kurasa 20 za kuandika kwa muhula. Mimi nachukua fundisho moja hapo: usiogope kuwadai kazi.

Lakini insha ndefu moja mwishoni mwa muhula haina faida kubwa, kwa kuwa maoni yako yanafika wakati mwanafunzi hana tena la kufanya nayo. Wape insha tatu fupi za ukurasa mmoja, na moja kati yake iandikwe mara mbili. Kwenye rasimu ya kwanza usiandike alama wala usisahihishe tahajia. Andika maswali mawili tu pembeni, kwa mfano: "Mtu anayekupinga angesema nini hapa?" au "Ushahidi huu unatosha kusema 'wote'?" Rasimu ya pili ije na aya moja inayoeleza nini kimebadilika katika hoja na kwa nini. Aya hiyo ipewe theluthi ya alama. Atakayebaki na msimamo wake apate alama kamili pia, mradi ameujibu upinzani kwa dhati.

Ukiwa na nafasi, mwite kila mmoja kwa dakika tatu akutetee aya moja ya insha yake ana kwa ana. Aliyeifikiri atazungumza, na asiyeifikiri utamjua kwa swali la pili. Kwa darasa kubwa, wagawie wahadhiri wasaidizi, lakini kaeni pamoja kwanza msahihishe insha tano zilezile na mlinganishe alama mlizotoa.

Hatua ya 9: Mtihani uendane na mafundisho

Ukifundisha haya yote kisha mtihani ukauliza "taja sifa tano", wanafunzi watakuwa wamejua ukweli kuhusu kozi yako. Angalau nusu ya alama ziende kwenye maswali yenye matini au takwimu ambazo hawajawahi kuziona: tambua dai, taja kiungo kisichoandikwa, eleza ni taarifa gani moja ungeitafuta kwanza na kwa nini. Waonyeshe maswali ya namna hiyo mapema, pamoja na jibu zuri, la wastani na dhaifu, na wayasahihishe wao wenyewe kwa vigezo vyako kabla hawajafanya mtihani.

Mwisho kabisa, rudia wiki ya mwisho kazi ileile ya sentensi mbili, kwa dai jipya. Weka karatasi za kipindi cha kwanza kando ya hizi na uzisome kwa jozi, kila mwanafunzi na mwenzake wa mwanzo ambaye ni yeye mwenyewe. Wape nao wazione. Palipobaki vilevile kwa wengi, labda wanataja ushahidi lakini hawasemi wangeutafuta wapi, ndipo utakapoongeza mazoezi muhula ujao.